Nani mwenye kiberiti Salt Lake?

Tarehe 24 Julai ikifika, bonde la Salt Lake katika jimbo la Utah, magharibi mwa Marekani, hurindima kwa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja. Mara ya kwanza huwa tarehe 4, sikukuu ya uhuru wa taifa zima. Hii ya pili ni ya watu wa Utah wenyewe. Wanakumbuka Julai 24, 1847, siku kiongozi wa dini Brigham Young na wafuasi wake Wamormoni walipoingia bondeni humo baada ya safari ya miezi kadhaa kwa magari ya kukokotwa na maksai. Asubuhi kuna gwaride mjini. Usiku kila ua una fashifashi zake: baba anawasha utambi na kurudi nyuma mbio, watoto wanapiga kelele, mbwa wanajificha chini ya vitanda. Moshi nao hauna pa kwenda. Milima ya Wasatch imeziba mashariki, ya Oquirrh imeziba magharibi, na bonde linabaki kama bakuli lililofunikwa.

Julai ndio mwezi ambao nyasi za vilimani zimekauka kabisa. Cheche moja inatosha. Kwa hiyo kila kiangazi swali ni lilelile, na huelekezwa kwa mtu yuleyule: meya, mbona hupigi marufuku?

Wengi hudhani kwamba meya akitaka, anaweza. Ana ofisi, ana muhuri, polisi na zimamoto wako chini yake. Lakini huko Utah kiberiti hakimo mfukoni mwa meya. Njiti zake zimegawanywa: nyingi ziko kwa bunge la jimbo, chache kwa baraza la madiwani, na zilizobaki ndizo za meya. Anayetaka kujua nani anashika ngapi hana budi aingie kwenye chumba cha baraza, chumba hichohicho ambamo baada ya uchaguzi wa mji madiwani huketi kuthibitisha nani ameshinda na nani ameshindwa.

Kiangazi cha 2021

Mwaka 2021 swali hilo liliulizwa kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Gavana Spencer Cox alikuwa ametangaza hali ya dharura ya ukame tangu Machi. Mwanzoni mwa Juni aliwaomba wananchi, kila mtu kwa imani yake, watumie wikiendi moja kuombea mvua. Tarehe 15 Juni joto la Salt Lake City lilifika nyuzi 107 za Fahrenheit, karibu nyuzi 42 za Selsiasi, likaifikia rekodi ya juu kabisa ya mji huo. Julai, Ziwa Kuu la Chumvi, ambalo ndilo lililoupa mji jina, lilishuka chini ya kiwango cha mwaka 1963, kilichokuwa rekodi kwa karibu miaka 60.

Cox alipiga marufuku fataki katika ardhi ya jimbo na katika maeneo ambayo hayamo ndani ya mipaka ya mji wowote. Hapo ndipo mkono wake ulipofika. Alieleza hadharani kwamba sheria haimpi uwezo wa kuzifunga fataki jimbo zima, kwani hilo ni jambo la wabunge. Wabunge hawakupitisha marufuku hiyo.

Meya wa Salt Lake City, Erin Mendenhall, akatangaza kwamba ndani ya mipaka ya mji wake hakuna mtu binafsi atakayewasha fataki msimu huo. Miji mingine nayo ilichukua hatua, kila mmoja kwa kiasi chake: upo uliofunga mitaa yote, upo uliofunga vilima tu, na upo ulioacha mambo yalivyo. Bonde la Salt Lake ni mji unaoshikana na mji, na mara nyingi mpaka ni barabara tu. Katika mpangilio kama huo, tendo lililo kosa kwenye ua mmoja linaweza kuwa halali kwenye ua unaoutazama ng'ambo ya lami.

Gavana anasema hawezi, meya anasema ameweza. Mtu wa kawaida akisikia hivyo hudhani mmoja wao anadanganya. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alikuwa anahesabu njiti zake.

Ramani ya fataki

Bunge la Utah limelishughulikia jambo hili kwa undani wa ajabu. Mwaka 2011 liliruhusu wananchi wawashe fataki za kuruka angani, zile zinazoitwa keki: mirija mingi iliyofungwa pamoja, ukiwasha utambi mmoja inafyatuka mmoja baada ya mwingine. Miaka 7 baadaye, baada ya malalamiko ya moto, moshi na usiku usio na usingizi, bunge hilohilo lilipunguza siku. Zamani ruhusa ilikuwa wiki nzima kuzunguka kila sikukuu. Tangu 2018 imebaki tarehe 2 hadi 5 Julai, na 22 hadi 25 Julai, kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 5 usiku. Sikukuu zenyewe mbili zimeongezewa saa moja, hadi saa 6 usiku. Zaidi ya hapo kuna mkesha wa mwaka mpya na mkesha wa mwaka mpya wa Kichina. Anayewasha nje ya siku hizo anaweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000.

Aina nazo zimechambuliwa. Roketi za chupa ni haramu, na baruti ndogo za kupasuka kwa kishindo ni haramu pia. Hilo haliwazuii watu kuendesha gari saa moja na kitu hadi Evanston, mji mdogo wa Wyoming uliopo ng'ambo tu ya mpaka, ambako maduka huuza vitu ambavyo Utah imevikataa. Sheria ya jimbo huishia mpakani, na mwenye duka amejenga hapohapo inapoishia.

Miji imeachiwa nini basi? Imeachiwa ramani. Sheria ya jimbo inaliruhusu baraza la mji kufunga maeneo ya hatari: milimani, kwenye vichaka, misitu na nyasi kavu, ndani ya futi 200, kama mita 60 hivi, kutoka kwenye mito, njia za miguu na makorongo, na pale ambapo nyumba za watu zinakutana na pori. Linaruhusiwa pia kusogeza mpaka kidogo hadi kwenye barabara inayojulikana, ili mwananchi asihitaji kupima kwa kamba. Ramani hizo hukusanywa na kaunti, na wauzaji wa fataki hutakiwa kuzibandika mahali wateja watakapoziona.

Katika maelezo hayo kuna neno moja lenye uzito. Sheria, inapozungumzia kufunga maeneo, inalitaja baraza, chombo cha kutunga sheria cha mji. Haimtaji meya peke yake. Ndiyo maana marufuku ya mji mzima, hata pale ambapo kila mtu anaiona ina busara, haiachi kuzua swali: je, katikati ya mji, kwenye lami na zege, kuna pori gani la kufunga? Mwanasheria wa mji hulazimika kujibu kabla meya hajasimama mbele ya kamera.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Septemba 2020, karibu na mji wa Yucaipa huko California, familia iliwasha chombo cha moshi wa rangi kwenye sherehe ya kutangaza jinsia ya mtoto atakayezaliwa. Nyasi zilishika moto, zaidi ya ekari 22,000 zikateketea, na mzimamoto mmoja akafa. Hata mikononi mwa wataalamu baruti haina adabu. Juni 30, 2021, kikosi cha kutegua mabomu cha polisi wa Los Angeles kilijaribu kuteketeza fataki za kienyeji kilizozikamata, ndani ya gari maalumu la chuma lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Gari lilipasuka katikati ya mtaa wa makazi, watu 17 wakajeruhiwa, wakiwemo polisi. Na Julai 1, 2025, ghala la fataki lililipuka huko Esparto, kaskazini mwa California, na kuua watu 7, siku 3 tu kabla ya sikukuu.

Meya wa aina tatu

Msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza amezoea meya anayechaguliwa na madiwani wenzake, huku mkurugenzi aliyeteuliwa akiendesha ofisi siku hadi siku. Wa Nairobi alimzika meya wake mwaka 2013, majukumu yalipohamia kwa gavana wa kaunti. Utah ina meya wa aina tatu, na ni rahisi kuwachanganya kwa sababu wote huvaa cheo kimoja.

Wa kwanza ni wa miji midogo. Huyu ni mmoja kati ya wajumbe 5 wa baraza. Anaongoza kikao, na kura yake ni moja kama ya mwenzake.

Wa pili ana baraza lenye madiwani 5, naye ni wa 6. Anakaa kwenye kiti cha mbele, anagonga nyundo, anatoa nafasi ya kusema. Lakini hapigi kura, isipokuwa kwa mambo machache: madiwani wakifungana, wakimteua au kumfukuza meneja wa mji, au wakitunga sheria ndogo ya kuongeza ama kupunguza mamlaka ya meya mwenyewe. Mwananchi aliyempigia kura meya wa aina hii kwa sababu ya ahadi ya kukomesha fataki anaweza kushangaa akiona hoja ya fataki inapigiwa kura na meya amenyamaza. Meya huyo hajamsaliti mtu, ni kwamba madiwani hawajafungana.

Wa tatu ni meya mwenye nguvu, na Salt Lake City ndio mfano wake mkuu. Tangu 1980, baada ya wananchi kuukataa mfumo wa zamani wa makamishna, mji huo una baraza la madiwani 7, kila mmoja na wilaya yake, na meya aliye nje ya baraza kabisa. Baraza hutunga, meya hutekeleza. Meya ana kura ya turufu, nalo baraza linaweza kuipindua kwa theluthi mbili. Idara zote, pamoja na zimamoto, humripoti yeye. Ndiyo maana mwaka 2021 sauti iliyosikika ilikuwa ya Mendenhall. Katika mji wenye meya wa aina ya pili, tangazo kama lile lingesubiri mkono wa madiwani.

Saa 24 kabla

Madiwani hawawezi kuamka asubuhi wakaona moshi mlimani na jioni wakapiga kura. Sheria ya Utah ya mikutano ya wazi, iliyotungwa mwaka 1977, inataka ajenda itangazwe saa 24 kabla ya kikao, na siku hizi inawekwa kwenye tovuti moja ya jimbo ambako matangazo ya kila mji, kila kaunti na kila bodi ya shule hukusanyika. Jambo ambalo halimo kwenye ajenda linaweza kuzungumzwa kidogo likiletwa na mwananchi, lakini halifikiwi uamuzi wa mwisho. Dharura ina mlango wake, mwembamba. Kikao hurekodiwa, na rekodi hiyo ni nyaraka ya umma.

Kikao chenyewe kina mwendo wake. Akidi inahesabiwa. Mwananchi anayetaka kusema anaandika jina, anapewa dakika chache, anasimama mbele ya kipaza sauti. Diwani anatoa hoja, mwingine anaiunga mkono, majadiliano yanafuata, kisha majina yanaitwa na kila mmoja anajibu ndiyo au hapana. Ikiwa ni sheria ndogo, kama ile ya ramani ya fataki, ina uzito wa sheria na mtu anaweza kuadhibiwa akiivunja. Ikiwa ni azimio, ni msimamo au uamuzi wa baraza. Karani wa mji, ambaye Utah humwita mtunza kumbukumbu, anatia saini na kuhifadhi.

Mbele ya kipaza sauti hicho husimama watu ambao hawapigani, ila hawawezi kuridhika wote. Mwenye kibanda cha fataki amelipia leseni, na msimu wake wa kiangazi ni wa tarehe 24 Juni hadi 25 Julai, basi. Askari mstaafu hutetemeka akisikia mlipuko. Bonde la Salt Lake limepokea pia wakimbizi wengi kwa miaka mingi, wakiwemo Wakongomani, Warundi na Wasomali, na Kiswahili kinazungumzwa kwenye makanisa na kwenye nyumba za kupanga za huko. Kwa aliyekimbia Kivu, usiku wa kwanza wa tarehe 4 Julai katika nchi mpya si lazima uwe wa furaha. Hakuna anayemwambia kabla kwamba milio hiyo ni ya sherehe.

Baraza linapogeuka bodi

Uchaguzi wa miji ya Utah hufanyika Novemba ya miaka ya namba witiri, mbali na kelele za urais. Mwaka 2023 ulisogezwa hadi Novemba 21, kwa sababu kiti kimoja cha bunge la taifa kilikuwa wazi na jimbo lilitaka kuunganisha kura. Ndio uchaguzi ambao Mendenhall alimshinda Rocky Anderson, aliyekuwa meya wa mji huo kuanzia 2000 hadi 2008.

Usiku wa uchaguzi magazeti hutangaza mshindi. Kisheria, usiku ule hakuna mshindi. Kuna hesabu isiyokamilika. Karani wa kaunti bado anakagua saini kwenye bahasha, bado anawaandikia watu ambao saini zao hazifanani, bado anachambua kura za wenye shida ya usajili. Siku kadhaa baadaye ndipo meya na madiwani huketi pale pale wanapoketi siku zote, lakini wakiwa na kofia nyingine. Sheria inasema meya na baraza ndio bodi ya kuthibitisha matokeo ya mji.

Hapo huwa kuna picha ya kuvutia. Meya aliyeshindwa anaweza kuwa mmoja wa wanaopiga kura kuthibitisha kwamba ameshindwa. Diwani aliyeponea kwa kura chache anathibitisha kuponea kwake. Katika nchi nyingi hilo lingeitwa mgongano wa masilahi. Utah inaliruhusu kwa sababu moja: bodi haina la kuamua. Haipimi nani alistahili. Inapokea hesabu, inaangalia kama imekamilika, inaitangaza. Sheria inaikataza kuyatupa matokeo maadamu idadi ya kura za kila mgombea inaweza kujulikana. Anayeona uchaguzi umeharibika ana njia ya kuomba kura zihesabiwe upya, au ya mahakama. Meza ya baraza si mahali pake.

Ndiyo maana kipengele hiki kwenye ajenda mara nyingi humalizika upesi, kabla ya suala la mtaro wa maji au leseni ya mbwa.

Ugumu ukitokea, hutokea kabla ya bodi kuketi. Juni 2024, katika kura za mchujo za chama cha Republican kwa kiti cha bunge la taifa kilichokuwa na Celeste Maloy, kaunti ya Iron, kusini mwa Utah, iliziweka kando kura zilizochelewa kugongwa muhuri wa posta. Sheria ya wakati huo ilitaka bahasha iwe na muhuri wa siku moja kabla ya uchaguzi. Lakini barua zinazotumwa kutoka kaunti hiyo hupelekwa kwanza Las Vegas, katika jimbo jingine, ndipo zigongwe muhuri na kurudishwa. Mpiga kura alitumbukiza bahasha kwa wakati, posta ikamchelewesha. Maloy alikuwa mbele kwa kura 214 tu. Zilipohesabiwa upya zikawa 176. Mpinzani wake alikwenda mahakamani kudai kura zile zihesabiwe, akashindwa. Mwaka uliofuata bunge la Utah lilibadilisha kanuni: sasa muhuri hauna maana, bahasha lazima iwe imefika mikononi mwa karani kabla ya saa 2 usiku wa siku ya uchaguzi.

Wakikataa kuthibitisha

Majirani wa kusini wameonyesha nini hutokea watu wa mezani wakijipa kazi ya hakimu. Juni 2022, makamishna 3 wa kaunti ya Otero, New Mexico, walikataa kuthibitisha kura za mchujo za kaunti yao, kama kura 7,300, kwa hofu juu ya mashine za kuhesabia. Hawakuonyesha kasoro yoyote mahususi. Waziri wa jimbo anayesimamia uchaguzi aliwapeleka Mahakama Kuu ya jimbo, nayo ikawaamuru watimize wajibu wao. Tarehe 17 Juni wawili walikubali. Wa tatu, Couy Griffin, alikataa, akasema wazi kwamba hana ushahidi, bali ni hisia zake tu. Alipiga kura hiyo kwa simu kutoka Washington, ambako siku hiyohiyo alikuwa amehukumiwa kwa kuingia katika eneo lililozuiwa la bunge Januari 6, 2021.

Novemba mwaka huohuo, wasimamizi wawili wa kaunti ya Cochise, Arizona, waliruhusu siku ya mwisho ya kuthibitisha ipite. Hakimu aliwaamuru wakutane siku ileile aliyotoa hukumu, Desemba 1, na matokeo yakapitishwa kwa kura 2 bila pingamizi, mmoja wa waliochelewesha akiwa hayupo. Mwaka mmoja baadaye wote wawili walishtakiwa kwa jinai. Mmoja wao, Peggy Judd, alikiri kosa dogo mwaka 2024 na kupewa kifungo cha nje.

Wapiga kura wa kaunti hizo mbili ndio waliokuwa wa kuumia kwanza. Kaunti isipothibitisha, kura zake zina hatari ya kutoingia kwenye jumla ya jimbo. Waliotaka kuwalinda wapiga kura wao walikuwa karibu kuwafuta.

Na kuna siku ambazo hesabu yenyewe haitoi jibu. Mwaka 2022 huko Richmond, California, wagombea wawili wa udiwani wa wilaya ya 2, Cesar Zepeda na Andrew Butt, walimaliza kila mmoja akiwa na kura 1,921. Sheria ilikuwa tayari na jibu: majina yakatiwa kwenye bahasha, bahasha zikaingizwa mfukoni na kuchanganywa, moja ikavutwa. Zepeda akawa diwani. Utah nayo huamua sare kwa bahati nasibu. Haipendezi, lakini imeandikwa kabla ya mtu yeyote kujua itamfaidi nani.

Njiti alizobakiwa nazo meya

Sasa lirudie swali la mwanzo. Ikiwa bunge la jimbo limepanga siku na saa, na baraza limechora ramani, meya wa Salt Lake City amebakiwa na nini?

Amebakiwa na fashifashi zake mwenyewe. Kwa miaka mingi mji uliandaa maonyesho mawili makubwa ya Julai katika bustani za umma, Jordan Park kwa sikukuu ya taifa na Liberty Park kwa siku ya waanzilishi, ile ya tarehe 24. Hayo yanalipiwa na mji na yanafanyika kwenye ardhi ya mji. Mwaka 2023 uongozi wa mji ulitangaza kwamba baruti imetosha, na mahali pake pataruka droni zenye taa, zikichora maumbo angani. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: hatari ya moto na hewa chafu. Bonde la Salt Lake hupambana na hewa mbaya mwaka mzima, na usiku wa sikukuu chembechembe za moshi hupanda ghafla kwenye vipimo.

Hakuna bunge lililohitajika kuombwa, wala ramani ya makorongo. Ni uamuzi wa mwenye shughuli juu ya shughuli yake.

Waliopinga walisema droni hazina kishindo, na bila kishindo si sikukuu. Wana hoja, ingawa kishindo nacho hakina dhamana. Julai 4, 2012, San Diego iliandaa maonyesho ya dakika 18 juu ya ghuba. Hitilafu ya kompyuta iliwasha karibu kila kitu kwa pamoja. Anga iliwaka kama mchana, ikazima, na ndani ya kama nusu dakika maelfu ya watu waliokuwa wamekaa tangu jioni wakabaki wanatazamana gizani.

Droni za mji hazikumzuia jirani kuwasha keki yake uani. Hilo meya hakuliahidi. Anayetaka siku zipungue tena, au maeneo yaliyofungwa yaongezeke, inabidi aende kwa watu wengine wawili: mbunge wake wa jimbo, ambaye vikao vyake huanza Januari, na diwani wake. Diwani mpya wa mji wowote wa Utah huanza kazi saa 6 mchana, Jumatatu ya kwanza ya Januari, baada ya bodi kuwa imethibitisha kura zake Novemba au Desemba. Ana miezi michache tu kabla ya ramani ya fataki kuhitajika kaunti.

Ajenda ya kikao cha baraza kuhusu ramani hiyo itawekwa hadharani saa 24 kabla. Kipaza sauti kitakuwa wazi kwa dakika chache kwa kila atakayeandika jina. Vibanda vya fataki hufunguliwa Juni 24.